Kabla ya Kubadili Mfumo Endeshi, Rejesha Hifadhidata

Usiku wa Januari 31, 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab, inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata ya PostgreSQL zilizoacha kwenda sambamba. Aliamua kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili aijaze upya. Amri aliiandika sawasawa, ila aliiandika kwenye seva kuu. Alipogutuka na kuisimamisha, sekunde moja au mbili zilikuwa zimepita, na kati ya takriban GB 300 zilibaki GB 4.5.

Wakakimbilia bekapu. Hazikuwepo. Programu ya pg_dump iliyopaswa kutoa nakala kila siku ilikuwa ya toleo 9.2, ilhali hifadhidata yenyewe ilishapandishwa hadi 9.6. Pg_dump hukataa kusoma seva iliyo mpya kuliko yenyewe, basi kila siku kazi ilianza, ikagoma, ikaisha bila kuacha faili. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho uliotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Kurejesha kulichukua takriban saa 18. Yaliyoandikwa ndani ya zile saa 6 yalipotea: kampuni ilikadiria miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

GitLab waliyaeleza yote haya hadharani, hatua kwa hatua, na uwazi huo umewasaidia mafundi wengi kuliko vitabu. Kwa anayejiandaa kupandisha mfumo endeshi wa kompyuta yenye hifadhidata, jambo la kushika ni yale matoleo mawili yasiyopatana. Siku ya kupandisha mfumo endeshi ndiyo siku ambayo karibu kila kitu hubadilika kwa mkupuo: programu ya hifadhidata, kifaa cha kutolea nakala, kanuni za kupanga herufi, draiva ya diski. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kazi ni mmoja tu. Bekapu ichukuliwe, irejeshwe kwenye mashine nyingine, ifunguliwe na kusomwa na watu wanaoijua data ile, na hapo ndipo mashine ya kazi iguswe.

Ofisi nyingi ziko katika kazi hiyo sasa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na kwa kuwa Windows 11 inadai kompyuta yenye kipengele cha usalama cha TPM 2.0, mashine nyingi za zamani hazikubali kupandishwa. Inabidi data ihamie kwenye mashine mpya. Mei 2025 Ubuntu 20.04 nayo ilimaliza miaka yake 5 ya msaada wa kawaida.

Mtu akisikia Ubuntu inapandishwa, hufikiria sura mpya ya skrini. Chini ya sura hiyo, Ubuntu 20.04 ilikuja na PostgreSQL 12, Ubuntu 22.04 ikaja na PostgreSQL 14, na Ubuntu 24.04 ikaja na PostgreSQL 16. Debian 12 ina PostgreSQL 15 na MariaDB 10.11, Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina PostgreSQL 17 na MariaDB 11.8. PostgreSQL 16 haiwezi kufungua moja kwa moja folda ya data iliyoandikwa na PostgreSQL 12. Mifumo mizito inaegemea hapo. DHIS2, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huweka takwimu zake ndani ya PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, hutegemea MySQL. Maktaba zinazotumia Koha zinategemea MySQL au MariaDB. Anayepandisha mfumo endeshi katika mojawapo ya sehemu hizi ameshika historia za wagonjwa na kumbukumbu za wasomaji, hata kama mkataba wake unasema kazi ni kusimika Ubuntu mpya.

Kujua kilichomo

Hatua ya kwanza inahitaji kalamu na daftari. Fundi aandike: hifadhidata ni ipi, toleo gani, data inakaa folda gani, ina ukubwa gani, programu zipi zinaitumia na kwa akaunti zipi. Kwenye MySQL na MariaDB amri SELECT VERSION(); inatosha kutoa toleo. Kwenye SQL Server ni SELECT @@VERSION;. Kwenye Debian na Ubuntu amri pg_lsclusters huonyesha kila klasta ya PostgreSQL iliyopo, toleo lake, poti yake na folda yake. Kwenye Windows, orodha ya huduma inayofunguka kwa services.msc hufichua hifadhidata ambazo hakuna mtu ofisini aliyejua kuwa zipo. Hilo hutokea sana: mfumo wa mauzo wa duka la dawa ulisimikwa na fundi aliyekwisha kuhama mji, na wauzaji wanaijua ikoni yake tu.

Folda za data hujificha. MySQL ya Windows huweka data yake ndani ya C:\ProgramData, folda ambayo haionekani mpaka mtu aruhusu vitu vilivyofichwa kuonekana. SQL Server huiweka ndani kabisa ya C:\Program Files\Microsoft SQL Server. Ndiyo sababu kunakili Desktop na Documents pekee, kama wengi wanavyofanya kabla ya kufomati, huacha nyuma kitu pekee kilichokuwa na thamani.

XAMPP, kifurushi kinachokuja na hifadhidata yake, kinastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa shule na maduka mengi huendesha mifumo yao juu yake. Data yake iko C:\xampp\mysql\data, na ndani mwake kila hifadhidata ina folda yenye jina lake. Fundi anaiona folda inayoitwa duka, anainakili kwenye flashi, anafomati kompyuta, anasimika Windows mpya na XAMPP mpya, kisha anaibandika folda pale pale ilipokuwa. Anafungua phpMyAdmin. Upande wa kushoto majina ya majedwali yote yanaonekana: bidhaa, mauzo, wateja, madeni. Anashusha pumzi. Anabofya mauzo, na jibu linakuja kwamba jedwali halipo, kosa namba 1932. Majina yanaonekana kwa sababu yamo kwenye faili ndogo za .frm zilizokuja na folda. Lakini injini ya InnoDB huweka orodha yake kuu ya majedwali kwenye faili iitwayo ibdata1, ambayo iko nje ya folda ya duka, ngazi moja juu, na hiyo haikunakiliwa. Kama faili za .ibd zipo, data inaweza kuokolewa jedwali moja baada ya jingine kwa kuunda upya umbo la kila jedwali na kuiunganisha faili yake. Ni kazi ya kuchosha, inayodai ujuzi, na haina uhakika wa kufanikiwa. Dakika chache za kutumia kitufe cha Export kabla ya kufomati zingeiondoa kabisa.

Kunakili folda wakati seva inafanya kazi ni hatari nyingine. Hifadhidata inapoendelea kuandika, sehemu ya data iko kwenye faili na sehemu bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta au kwenye faili za logi. Nakala itatoka imechanganya nyakati mbili. Hata SQLite, hifadhidata ya faili moja inayotumiwa na programu nyingi ndogo, ina mtego huo: ikiwa inatumia hali ya WAL, maingizo ya karibuni yamo kwenye faili ya pili inayoishia na -wal. Amri yake ya .backup hushughulikia faili zote mbili.

Kuchukua nakala

Kabla ya kunakili, hifadhidata ikaguliwe afya. SQL Server ina DBCC CHECKDB, MySQL na MariaDB zina mysqlcheck. Hifadhidata iliyoharibika huzaa bekapu iliyoharibika, na ni afadhali kulijua hilo wakati mashine ya zamani bado inawaka. Kisha programu zinazoandika zisimamishwe na wafanyakazi waambiwe saa. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, UPS yenye betri nzima iwepo kabla ya amri ya kwanza.

Kwa MySQL na MariaDB, kifaa ni mysqldump, ambacho MariaDB za karibuni hukiita mariadb-dump. Amri inayofaa hospitali yenye hifadhidata iitwayo openmrs ni hii:

mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --events --triggers --databases openmrs --result-file=openmrs.sql

Kila neno lina kazi yake. Single-transaction huifanya nakala ionyeshe hali ya wakati mmoja bila kufunga majedwali, ingawa hilo ni kweli kwa majedwali ya InnoDB tu. Ya MyISAM yanataka programu zisimame kabisa. Routines na events huchukua taratibu na ratiba zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata, ambazo zisipotajwa hubaki nyuma kimya kimya. Na result-file inamwokoa anayetumia Windows. Wengi hutumia alama ya > kupeleka matokeo kwenye faili; katika PowerShell iliyokuja na Windows, alama hiyo huandika faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-16, na faili hiyo MySQL haitaikubali wakati wa kurejesha. Mtu anaiona faili, ina ukubwa wa kuridhisha, inafunguka kwenye Notepad, na bado haifai.

Akaunti za watumiaji ziandikwe kando. MySQL huziweka kwenye hifadhidata yake ya ndani iitwayo mysql, na kuibeba hiyo kutoka toleo 5.7 hadi 8 ni kualika matatizo. Ni salama zaidi kutumia SHOW CREATE USER na SHOW GRANTS kwa kila akaunti, kuhifadhi majibu, kisha kuziunda upya upande wa pili. Anayeelekea MySQL 8.4 ajue pia kwamba njia ya zamani ya kuthibitisha nywila, mysql_native_password, imezimwa humo tangu mwanzo, na katika MySQL 9.0 iliondolewa kabisa. Programu ya zamani itakataliwa mlangoni hata kama nywila ni sahihi.

PostgreSQL inahitaji faili mbili. Amri pg_dump -Fc -f dhis2.dump dhis2 hutoa hifadhidata moja katika umbo linaloruhusu kurejesha kipande kimoja kimoja. Lakini pg_dump haibebi watumiaji, kwa kuwa ni mali ya klasta nzima. Hao huchukuliwa kwa pg_dumpall --globals-only. Inapowezekana, pg_dump itakayotumika iwe ya toleo jipya linaloendewa, kwa sababu toleo jipya husoma seva za zamani, na la zamani halisomi mpya.

SQL Server ina amri yake ya BACKUP DATABASE, na inafaa kuiongezea WITH CHECKSUM ili kila ukurasa uhakikiwe wakati wa kunakili. Faili ya .bak hupanda lakini haishuki: iliyotolewa na toleo jipya haiwezi kurejeshwa kwenye toleo la zamani, hata kwa kubembeleza. Kwa hiyo nakala ya kurudi nyuma lazima itoke kwenye toleo la zamani lenyewe, kabla ya chochote. Wanaotumia Express, ile ya bure, wakumbuke kuwa haina mpangaji wa kazi wa ndani. Bekapu ya kila siku inabidi ipangwe kwa Task Scheduler ya Windows.

Baada ya nakala kuisha, fundi asome mkia wa faili. Mysqldump ikimaliza salama huandika mstari wa mwisho unaoanza na maneno Dump completed on, ukifuatiwa na tarehe na saa. Pg_dump ya maandishi huandika karibu na mwisho PostgreSQL database dump complete. Mstari huo usipokuwepo, diski ilijaa, mtandao ulikatika au kosa lilitokea katikati, hata kama faili ina GB 20. Kwenye Linux amri tail huuonyesha papo hapo. Ni ukaguzi wa sekunde 5, na ndio wa kwanza kufanywa.

Nakala zisikae kwenye diski inayopandishwa. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni inayofuatwa hadi leo: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikiwa nje ya jengo. Kwa zahanati ndogo hiyo ni mashine yenyewe, diski ya nje, na nyingine iliyo kwenye tawi au kwenye wingu. Alama ya utambulisho wa faili itolewe, kwa sha256sum kwenye Linux au certutil -hashfile kwenye Windows, ili kila nakala ilinganishwe na ya asili. Na diski zifungwe kwa usimbaji fiche. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Flashi yenye majina ya wagonjwa iliyosahaulika kwenye daladala ni uvujaji wa taarifa kama uvujaji mwingine wowote.

Kurejesha kabla ya kupandisha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio kwa sababu mteja anasubiri. Itafutwe kompyuta nyingine. Laptopu inatosha, mashine bandia ndani ya VirtualBox inatosha pia. Usimikwe mfumo endeshi mpya na toleo lile lile la hifadhidata litakalotumika, na bekapu irejeshwe humo kana kwamba mashine ya kazi imeungua.

Makosa yatajitokeza, na ni heri yajitokeze hapo. Anayetoka MySQL 8.0 kwenda MariaDB anaweza kukutana na ujumbe wa kutoijua utf8mb4_0900_ai_ci, kanuni ya kupanga herufi ambayo MySQL 8.0 huitumia isipoambiwa vinginevyo na ambayo MariaDB nyingi haziifahamu. Hubadilishwa ndani ya faili ya nakala, kwa mfano kuwa utf8mb4_unicode_ci, na kazi inaendelea. Mwaka 2024 MariaDB iliongeza juu kabisa ya nakala zake mstari wa usalama, ambao programu za zamani za kurejesha, pamoja na za MySQL, haziuelewi. Zinasimama mstari wa 1, kabla ya kusoma data yoyote. Anayekutana nao anaufuta mstari huo mmoja au anatumia programu mpya ya mariadb. Asiyejua, akiuona mara ya kwanza saa 8 usiku huku mashine ya zamani imekwisha kufomatiwa, atadhani faili yake yote imeoza.

SQL Server ikirejeshwa kwenye mashine mpya huleta tatizo jingine: watumiaji waliomo ndani ya hifadhidata wanapoteza uhusiano na akaunti za kuingilia, ambazo hukaa kwenye hifadhidata ya master ya mashine ya zamani. Programu inasema nywila si sahihi. Akaunti ya kuingilia inaundwa upya, kisha ALTER USER yenye WITH LOGIN huwaunganisha.

Bekapu ikisharudi bila kosa, yahesabiwe yaliyomo. Idadi ya safu katika majedwali makubwa ilinganishwe na ya mashine ya kazi. Halafu aitwe mtu asiye fundi. Mhasibu atafute risiti ya mwisho ya jana na salio la mteja anayemjua. Muuguzi afungue faili la mgonjwa mwenye historia ndefu. Mkutubi atafute kitabu chenye jina lenye herufi za Kiarabu au alama za Kifaransa, kwa sababu herufi zilizovurugika hazionekani kwenye hesabu ya safu. Idadi inalingana, na maandishi ni alama za kuuliza. Ripoti ya mwezi uliopita itolewe pande zote mbili na kuwekwa mezani, moja kando ya nyingine.

Saa nayo ipimwe. Kurejesha hifadhidata kubwa huchukua muda mrefu kuliko kuinakili, kwa kuwa faharasa zote zinajengwa upya. Kama jaribio limechukua saa 5, tangazo kwa wafanyakazi lisiseme huduma itarudi baada ya saa 2. Pg_restore yenye kigezo cha -j hugawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa na kupunguza muda huo sana.

Siku yenyewe

Kwenye Ubuntu na Debian, upandishaji ukiisha PostgreSQL mbili huishi pamoja. Pg_lsclusters itaonyesha 14 kwenye poti 5432 na 16, tupu, kwenye poti 5433. Programu bado inasoma ya zamani. Njia ya Debian ni kuiondoa ile tupu kwa pg_dropcluster --stop 16 main, kisha kuamuru pg_upgradecluster 14 main, ambayo huhamisha data na kubadilishana poti. Fundi asome namba mara mbili kabla ya kugonga Enter, maana pg_dropcluster iliyopewa 14 hufuta data halisi. Vilevile mwishoni mwa upandishaji mfumo huuliza kama uondoe vifurushi visivyohitajika tena, na PostgreSQL ya zamani huweza kuwamo kwenye orodha hiyo. Jibu liwe hapana mpaka data ihamie, kwa sababu pg_upgradecluster inahitaji programu za matoleo yote mawili.

Kuna hatari moja ambayo haitoi ujumbe wowote wa kosa. Mwaka 2018 maktaba ya msingi ya Linux, glibc, katika toleo lake la 2.28, ilibadili kanuni za kupanga herufi na alama. Kabla ya hapo, chini ya lugha ya en_US, 11 ilitangulia 1-1. Baada ya hapo 1-1 ikatangulia 11. Mabadiliko haya yaliwafikia waliotoka Debian 9 kwenda 10, Ubuntu 18.04 kwenda 20.04, na Red Hat 7 kwenda 8. PostgreSQL hutegemea glibc kupanga faharasa za maandishi. Aliyebeba folda ya data kama ilivyo hadi kwenye mfumo mpya alibaki na faharasa iliyopangwa kwa kanuni za zamani, inayotafutwa kwa kanuni mpya. Chukua hospitali ambayo namba za usajili zina kistari. Karani anatafuta namba, mfumo unasema hayupo, ilhali yupo. Anamsajili upya. Kizuizi cha namba kujirudia nacho kinategemea faharasa ile ile, kwa hiyo hakimzuii. Sasa mgonjwa mmoja ana mafaili mawili, na mzio wake wa dawa umeandikwa kwenye moja tu.

Anayerejesha kwa pg_dump na pg_restore anaepuka hilo, kwa kuwa faharasa hujengwa upya chini ya kanuni mpya. Aliyehamisha folda nzima, au aliyepandisha Ubuntu bila kubadili toleo la PostgreSQL, aendeshe REINDEX DATABASE kabla ya kumfungulia mtu yeyote mlango. Kwa wanaochelewa kwenye mifumo ya zamani, na bado wapo, hii ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote ya kutoa nakala ya maandishi badala ya kunakili folda.

Windows 11 nayo ilileta la kwake. Baadhi ya diski za NVMe huripoti ukubwa wa sekta unaozidi KB 4, na draiva ya Windows 11 huifikishia SQL Server taarifa hiyo, jambo ambalo ya Windows 10 haikufanya. SQL Server hukubali sekta za baiti 512 na 4096 tu. Matokeo yake ni kompyuta iliyopandishwa vizuri, kila kitu kinawaka, isipokuwa huduma ya hifadhidata inayokataa kuanza. Microsoft imetoa marekebisho ya rejista ya Windows yanayoilazimisha draiva iripoti 4096, na mashine ikizimwa na kuwashwa tena huduma hupanda. Data haijaguswa. Asiyelijua hili huiondoa SQL Server na kuisimika upya, na katika haraka hiyo baadhi hufuta folda ya data kwa mikono yao.

Windows huweka mfumo wa zamani ndani ya folda ya Windows.old kwa siku 10, ili mtu aweze kurudi. Hiyo si bekapu ya hifadhidata.

Saa ya kurudi nyuma ikubaliwe mapema na iandikwe. Kwa mfano: ikifika saa 10 alfajiri ripoti bado haifanani na ya zamani, mashine ya zamani inarudishwa na kazi inaahirishwa. Fundi aliyechoka akiachiwa uamuzi huo usiku atajaribu jambo moja zaidi, kisha jingine, mpaka wagonjwa wapange foleni. Uamuzi huo una mwisho wake pia. Mara tu mauzo ya kwanza au mgonjwa wa kwanza anapoingizwa kwenye mfumo mpya, bekapu ya jana haitoshi tena, kwa sababu data mpya haimo ndani yake. Kwa hiyo siku ya kwanza wahudumu waandike pia kwenye daftari la karatasi: saa, jina au namba, kilichofanyika. Ikibidi kurudi, kurasa hizo ndizo zitakazoingizwa upya.

Jioni ya siku hiyo bekapu mpya ichukuliwe kwa vifaa vipya, na ratiba za moja kwa moja zikaguliwe moja moja, kwa kuwa cron ya Linux na Task Scheduler huenda bado zinaelekeza kwenye programu za folda ya toleo la zamani. Faili itakayotoka usiku ifunguliwe asubuhi na kurejeshwa kwenye ile laptopu ya majaribio. Diski ya zamani ibandikwe karatasi yenye tarehe, toleo la mfumo endeshi na toleo la hifadhidata, ifungiwe kabatini mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe bila pengo, kisha ifutwe kwa programu ya kufuta kabisa kabla ya kupewa mtu mwingine.